Mkono wa Kushonea

Bi Mishi wa Mtongwe alianza kushona kofia za viua, zile za vitundu vya kudarizi, kabla hajaolewa, na sindano aliishika kwa mkono wa kushoto. Kula, kuandika na kusalimia watu alifunzwa kwa wa kulia. Mamaye alimfunga kitambaa mkono wa kushoto mpaka akazoea. Lakini kila sindano ilipotiwa kulia, vitundu vilikwenda pogo. Mama akamwachia hilo moja, ila akamtaka ashonee ndani, watu wasione.

Figo zilimwishia akiwa na miaka hamsini na mbili, baada ya kuishi na presha kwa muda mrefu. Mara mbili kwa wiki yeye na mumewe, Changawa, walivuka feri kwenda hospitali kusafishwa damu. Damu ilipitia mrija uliotiwa shingoni siku ya kwanza alipoletwa akihema, na aliambiwa ni wa muda tu. Muda huo ukawa miezi mitano. Ndipo homa ikamshika, akitetemeka hata kitanda kikalia, akalazwa.

Siku ya pili muuguzi wa kitengo, Sista Agneta, alikuja kuketi naye.

"Mama, mrija umeingiza wadudu kwenye damu. Tutawaua kwa dawa, lakini mrija ukikaa sana watarudi. Unahitaji fistula."

Bi Mishi alikunja uso. Neno hilo alilisikia kwa wanawake walioumia wakati wa kujifungua. "Mwanangu, mimi wanangu wanne niliwazaa salama."

Agneta akatabasamu. "Jina ni moja, mambo ni mawili. Hii ni ya mkononi. Daktari anaunganisha mshipa unaopeleka damu na ule unaoirudisha. Ule wa kurudisha unanenepa, unakomaa, nasi tunaudunga huo kila ukija. Hakuna mpira unaobaki mwilini wadudu wakapata pa kukaa."

"Na mishipa ikiwa haifai?"

"Kuna mpira wa kupachikwa chini ya ngozi, lakini huo huziba upesi zaidi. Tuanze na mshipa wako mwenyewe. Unatumia mkono gani?"

"Wa kulia," akajibu mara moja, kama alivyojibu umri wake wote.

Agneta akaandika, kisha akamfunga utepe mkono wa kushoto, uwekwe kwa ajili ya fistula, ili mtu asiudunge wala kuupimia presha. Kwa muda wa wiki nzima, dripu zote zikaingia mkono wa kulia, mpaka mishipa ya karibu na kiganja ikawa migumu kama kamba.

Alipopata nafuu, yeye na Changawa walikwenda pamoja na Agneta kwa Daktari Kioko, mpasuaji. Daktari alikuwa keshachora mstari wa wino juu ya kifundo cha mkono wa kushoto pale Changawa alipokohoa.

"Samahani, daktari. Mkono huo ndio anaoshonea kofia."

Daktari akamtazama Bi Mishi. "Ni kweli?"

"Ni kweli. Nilitaja wa kulia," akasema akiangalia sakafu. Aliona haya kama mtoto aliyekutwa na kosa.

"Kosa ni langu," Agneta akasema. "Nilipaswa kuuliza unafanya kazi gani, na kwa mkono upi."

Daktari alichukua mashine ya picha, akaipitisha polepole juu ya mikono yote miwili, kisha akaweka kalamu chini.

"Nitakwambia nilivyoona, uamue wewe. Kushoto, hapa kwenye kifundo, mshipa ni mzuri sana. Ungekuwa hushoni, nisingefikiria mara mbili. Kulia, huku chini pameharibika. Kwenye kiwiko panawezekana, lakini kule damu nyingi huenda ikarudi kabla ya kufika vidoleni, vikabaki na baridi. Na pakikataa, tutarudi kushoto."

"Nikifanyiwa kushoto, nitashona?"

"Huenda. Wengi mkono hurudia hali yake. Lakini ukiniuliza kama vidole vitakuwa vilevile kwa kazi ya sindano, siwezi kukuapia."

Bi Mishi aliusugua mstari wa wino kwa kidole.

"Basi tujaribu kulia," akasema. "Kukikataa, nitakupa huu mwingine wala sitalalamika."

Alipasuliwa akiwa macho, mkono ukiwa umetiwa ganzi. Wiki ya kwanza vidole vilikuwa baridi kweli, naye akawa na hofu. Daktari Kioko akavikagua, akaona damu inafika, wakasubiri. Baridi ilipungua. Kila siku alifinya mpira laini ili mshipa unenepe, na kila baada ya Sala ya Alfajiri aliweka vidole juu ya kiwiko kusikiliza mtetemo wa damu, kama paka anayekoroma kwa raha. Miezi miwili na nusu ikapita. Agneta akadunga sindano mbili za kwanza. Ziliuma, lakini damu ikaenda vizuri. Baada ya kudungwa mara kadhaa bila tatizo, mrija wa shingo ukatolewa.

Sasa huketi saa nne kwenye kiti cha hospitali, mkono wa kulia umenyooshwa bila kutikisika. Jumanne moja alikuja na mto mdogo, akaubania kitambaa cha kofia kwa pini, akauweka mapajani. Kushona hivyo ni kwa taratibu mno, na baadhi ya siku uchovu humzuia kabisa. Kwa kuwa mkono mmoja hauwezi kutia uzi, Changawa huvaa miwani, akaulowanisha mdomoni na kumtilia.

"Umenipa uzi mrefu," Bi Mishi humwambia. "Utajifunga."

Changawa hukata, akamrudishia sindano mkono wa kushoto.