Oili Niliyoichagulia Barwaqo

Wiki iliyopita nilipeleka gari langu kwenye gereji moja karibu na soko la mifugo hapa Garissa. Fundi alipofungua nati ya chini, oili chakavu ikaanza kushuka kwenye beseni, nyeusi tititi, na ile harufu yake nzito ya moshi na chuma ikanipanda puani. Nikajikuta nikitabasamu peke yangu. Fundi akaniuliza kama kuna kitu. Nikamwambia hakuna, maana ningeanzia wapi na yeye ana magari matatu yanamsubiri? Lakini wewe unayesoma una nafasi, basi keti nikusimulie.

Nilizaliwa Hadado, katika kaunti ya Wajir, kwa watu wa ngamia. Mama yangu, ambaye kwa Kisomali namwita Hooyo, alikuwa mmoja wa wanawake kumi na wanne waliopeleka maziwa ya ngamia kuuza Wajir mjini. Kwa miaka mingi walitegemea malori ya watu, yakipita yakitaka, yasipotaka yasipite. Kisha wakaungana, wakapata pikapu kuukuu ya dizeli, wakaipa jina la Barwaqo, yaani neema. Kila asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, jerikani zilizofukizwa moshi wa kuni zilipangwa nyuma, zikafunikwa magunia yaliyoloweshwa maji, na Barwaqo akaondoka akiwahi jua.

Dereva alikuwa Abti Bishar, mdogo wake Hooyo. Abti ndilo jina letu la mjomba. Alikuwa mtu wa usafi kupindukia. Alivaa shati jeupe katika nchi ya vumbi jekundu, na kioo cha Barwaqo alikipangusa mara nyingi kuliko alivyopangusa viatu vyake. Usafi huo ndio uliomponza. Oili aliinunua kutoka pipa lisilo na maandishi, akaipenda kwa sababu haikubadilika rangi. Alichomoa kijiti cha kupimia, akamwonyesha yeyote aliyesimama karibu. "Tazama," alisema, "kama asali."

Siku moja, baada ya kuvuka nusu ya njia, injini ikaanza kugonga, ikagonga zaidi, ikazima. Barwaqo alirudishwa alasiri, amefungwa kamba nyuma ya lori. Wanawake wakafungua jerikani moja moja, wakanusa. Maziwa yalikuwa yameharibika kabisa, hata ya kugandisha hayakufaa. Wakayamwaga mchangani. Kwetu maziwa hayamwagwi. 

Akaitwa Fundi Mutiso kutoka Wajir, mtu wa Kitui aliyeishi huko miaka mingi. Kiswahili cha Hooyo kilikuwa cha sokoni, "pole pole" kwake ikawa "bole bole", kwa hiyo mimi, niliyekuwa darasa la sita na shule imefungwa, nikawa mkalimani. Nilishinda siku kumi kando ya injini iliyotapanywa juu ya turubai. Mutiso alinionyesha beringi zilizolika na pistoni zilizochubuka.

"Mwambie mama gari halikuzeeka," alisema. "Limelishwa oili isiyo yake. Dizeli ina masizi mengi. Oili yake inatengenezwa iyabebe hayo masizi, isiyaache yagande kwenye chuma. Hiyo yenu ya asali ilikuwa safi kwa sababu haikubeba kitu."

Nilitafsiri. Hooyo alitikisa kichwa taratibu. Abti Bishar, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, akageuka akawatazama mbuzi.

Nyuma ya kiti Mutiso alikuta kitabu cha gari, jalada limeliwa na mchwa, kimeandikwa Kiingereza. Akanipa. "Maandishi madogo haya yanazidi macho yangu. Tafuta ukurasa wa oili." Nilitafuta asubuhi nzima. Nikaona kwamba oili za petroli huandikwa herufi zinazoanza na S, za dizeli zinazoanza na C, na kwamba katika joto kama letu gari lile lilitaka namba 15W-40. Nikayaandika kwa kalamu kwenye kiganja changu, katikati ya maua ya hina yaliyobaki ya Idi.

Mutiso akabaki na injini, mimi na Hooyo tukapanda lori kwenda Wajir. Mwenye duka la vipuri, bwana mkubwa aliyeketi nyuma ya feni, hata hakuniangalia. Alimwekea Hooyo mezani debe linalong'aa, lenye picha ya gari la mashindano. "Mama, hii ndiyo ya mwisho kwa ubora. Hata magari ya Nairobi yanatumia hii." Wanaume wawili waliokuwa wakinywa chai pale wakaunga mkono.

Hooyo akalisukuma debe kwangu. "Soma, hooyo," akasema. Ndivyo mama zetu wanavyofanya, wanamwita mtoto kwa jina lao wenyewe.

Nililigeuza. Mgongoni kulikuwa na herufi mbili, SL. Nikatafuta C kila upande. Haikuwapo.

"Hii ni ya petroli," nikasema, na sauti yangu ikatoka nyembamba kuliko nilivyotaka. "Gari letu ni la dizeli. Tunataka ya C."

Mmoja wa wanywa chai akacheka. Mwenye duka akaniambia, "Binti, mimi nauza oili tangu hujazaliwa."

Nikafungua kiganja changu, nikakiweka juu ya meza, hina na wino na jasho. Alikisoma. Kisha akaenda nyuma ya duka, akarudi na debe lililofunikwa vumbi. Nikalifuta kwa ncha ya mtandio wangu. CI-4, chini yake 15W-40. Nikakagua kifuniko, sili ilikuwa haijaguswa.

"Chukueni," mwenye duka akasema. "Lakini hiyo itakuwa nyeusi ndani ya siku mbili tu. Msije kunilaumu."

Alisema kweli. Mutiso aliiunga injini upya, akaimimina oili, akaiwasha, akaisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua, kisha akarudi kwake. Siku mbili Abti aliijaribu injini hapo hapo kijijini, na siku ya tatu asubuhi, jerikani zimeshapangwa, alichomoa kijiti akakitazama. Uso wake ukabadilika. Oili ilikuwa nyeusi kama makaa.

Wanawake wakasogea. Eedo Maryan, shangazi yangu, mwanamke ambaye ulimi wake hata ngamia madume waliuogopa, alishika kijiti akakinusa. "Mmempa mtoto gari la watu kumi na wanne," akasema. "Sasa ameliua."

"Siliendeshi," Abti akasema. "Nimeshaliua mara moja. Sirudii."

Ningeweza kukimbia, na niliwaza kukimbia. Lakini jua lilikuwa linapanda, na nikakumbuka yale maziwa mchangani.

"Eedo," nikasema, "ukifua sare zangu za shule, maji yanakuwaje?"

Akanikodolea macho. "Yanakuwa machafu, yatakuwaje tena? Wewe unajigaragaza kama punda."

"Na yakibaki safi?"

Eedo akakitazama tena kile kijiti. Nyuma yake mwanamke mmoja akaanza kucheka chini chini, na kicheko kikapita kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Nikawaeleza yale ya masizi, neno kwa neno kama Mutiso alivyonieleza. Hooyo akawavuta wenzake upande wa pili wa gari, akazungumza nao maneno machache ambayo sikuyasikia. Kisha akarudi, akafungua mlango, akaniingiza katikati, akaketi kando yangu.

"Bishar," akasema, "jua halitungoji."

Sitaisahau safari ile. Abti aliendesha kwa mikono miwili, jasho limeloanisha shati lake jeupe, na macho yangu hayakubanduka kwenye mshale wa joto. Tulipofika mahali injini ilipokufa, pale ambapo bado doa la oili lilionekana barabarani, hakuna aliyepumua. Barwaqo akanguruma, akapita. Mshale haukutikisika. Abti akaanza kupiga mluzi, kwanza kwa woga, halafu kwa sauti.

Tuliingia Wajir kabla jua halijakaza. Mama wa sokoni anayepokea maziwa alifungua jerikani ya kwanza, akamimina kidogo kwenye kifuniko, akaonja. Akafungua ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho, nasi tumesimama kama watuhumiwa. "Matamu yote," akasema. "Leteni na kesho."

Tuliporudi Hadado, vigelegele vilitupokea kabla gari halijasimama. Hooyo alishuka, akaniinua, akanisimamisha juu ya bampa mbele ya watu wote. "Binti yangu Ubah ndiye aliyechagua oili," akatangaza. "Ubah mwenyewe." Eedo Maryan alinifunga mtandio wake wa hariri kichwani, na Abti akachomoa kile kijiti cheusi akakionyesha kwa fahari, kana kwamba weusi ule ulikuwa wazo lake tangu mwanzo. Barwaqo alibeba maziwa mpaka nikamaliza sekondari, na hakuna oili iliyomiminwa ndani yake bila mimi kusoma debe.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu, na ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeshaajiriwa hapa Garissa siku Abti Bishar, mvi zimemjaa, aliponiuliza kama nilijua Hooyo aliwaambia nini wenzake asubuhi ile upande wa pili wa gari. Nikasema sijui.

"Aliwaambia oili ameichagua yeye," Abti akasema. "Akawaapia kwamba mtoto alisoma tu alichoagizwa. Kwamba gari likifa, wamuulize yeye, na jina lako lisitajwe."

Asubuhi ile, maziwa yakiwa bado hayajafika popote, oili ilikuwa ya Hooyo. Yalipofika salama, akanisimamisha juu ya bampa, akasema ni yangu.