Taa ya Meza ya Dirishani

Kaka yangu si mtu mbaya. Naanza na hilo kwa sababu ndugu zetu wote wameshamkatia tamaa, na mimi mwenyewe kuna siku natamani kumzaba kibao, mzee mzima na mvi zake.

Miaka thelathini na moja alikuwa mlinzi wa ghala. Kila asubuhi, kabla ya kukabidhi lindo, alizunguka akizima taa zote, maana taa ikikutwa inawaka mchana, bosi alimfokea mbele za watu. Wenzake wakambatiza jina la Swichi. Hata siku mkewe anakata roho hospitalini, Swichi alikuwa lindoni. Aliambiwa aombe ruhusa, akajibu atakuja akimaliza zamu. Aliyemfumba mama macho ni binti yao, peke yake, msichana wa miaka kumi na tisa. Tangu hapo baba na mwana ni shikamoo, marahaba, basi.

Mwaka huu binti akapata kazi ng'ambo. Kabla ya kuondoka alikubali kula na baba yake mchana mmoja, saa moja tu.

"Mwombe msamaha," nikamwambia kaka. "Maneno mawili: nisamehe, mwanangu. Yatakuua?"

Akasema hawezi kuanza mikono mitupu. Chakula kikifika, akishika kijiko, atasema. Tukafanya mazoezi sebuleni kwangu, mimi nikiwa binti. Kisha akanisihi niende naye. Haya, nikaenda.

Binti ndiye aliyechagua mkahawa, na mkahawa wenyewe vituko vitupu. Mimi nilikalia kiti cha kinyozi, kaka akabanwa kwenye dawati la shule. Kila meza ilikuwa na taa ndogo. Mhudumu, jibaba lenye aproni ya maua, akatueleza: "Taa ikiwaka, nakuja. Ikizimwa, najua mna maongezi yenu. Siwasogelei hata kama chakula kimeiva." Akaiwasha, akaandika tulichotaka, akaondoka akipiga mluzi.

Tukangoja. Meza ya jirani waliletewa supu mara mbili, na ya pili hawakuiagiza. Mama mmoja pale kwenye kona aliimbiwa wimbo mzima. Sisi je? Hata maji! Nikatupa jicho kwenye taa yetu, nikaikuta imezimwa. Nikaiwasha, nikidhani ni mbovu. Baada ya muda naangalia, imezimwa tena. Kaka alikuwa akitazama nje dirishani, midomo inacheza, anakariri maneno yake. Nikaiwasha tena, nikampigia mhudumu kelele. Akanionyesha taa kwa kidole, imeshazimwa, akageuka zake. Loo, ningekuwa na sahani ningemrushia!

"Shangazi, usigombane naye," binti akasema. "Ni baba. Anaizima yeye. Hii ni mara ya tatu."

Kaka akautazama mkono wake. Kidole bado kilikuwa kwenye swichi.

"Sikujua, mwanangu," akasema. "Mkono umekwenda wenyewe."

"Najua, baba. Nilikupa saa moja, na hata hiyo umekwenda nayo lindoni."

Aliyasema polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akatazama saa yake, akasimama, akachukua mkoba. Nikamkanyaga kaka mguu chini ya meza. Sema! Sema sasa, chakula cha nini! Akafungua mdomo.

"Mchana kweupe," akasema. "Taa ilikuwa inawaka bure, mwanangu, mchana kweupe..."

Binti akasubiri kidogo. Nilimwona akisubiri, naapa. Halafu akanibusu shavuni, akamwambia baba yake abaki salama, akatoka.

Nikaiwasha ile taa kwa hasira, nikaishikilia kwa mikono miwili. Haikupita dakika mbili, sahani tatu zikaletwa, zinafuka moshi. Mhudumu akauliza kama mwenzetu amekwenda kunawa. Akaiweka sahani ya tatu mahali pake, akaenda zake.

Kaka akashika kijiko. Na maneno yakatoka, wazi kabisa, kama tulivyoyafanyia mazoezi sebuleni kwangu.

"Nisamehe, mwanangu."

Dirishani nilimwona binti. Alikuwa ameshavuka barabara.