Samaki Aliyeitwa Safi

Zephania Sanga alitoka Makete, kwenye milima ya viazi na ukungu, na mpaka anafika Dubai samaki aliowajua walikuwa wa aina mbili tu: dagaa waliokauka na perege waliokaangwa. Bahari aliiona mara ya kwanza kupitia dirisha la ndege, akadhani ni anga iliyolala chali. Kampuni ya ulinzi ikampeleka moja kwa moja kuilinda.

Gati lake lilikuwa fupi, upande wa Deira, pale ambapo maji ya Khor, ule mkono wa bahari unaopita katikati ya mji, yanakaribia kutoka kwenda baharini. Hapakuwa na cha kuiba. Palikuwa na vyuma viwili vya kufungia kamba, benchi moja, na upepo. Kazi yake ilikuwa kuwepo, na sare yake ya kijivu na redio kiunoni, ili mtu akiuliza kama gati lina mlinzi jibu liwe ndiyo. Alifaa sana kwa kazi hiyo. Alikuwa mtu wa kusimama kimya mahali mpaka mahali pamzoee.

Yakaja majira ya samaki kutaga, yakaja na marufuku yake. Aina fulani za samaki haziruhusiwi kuvuliwa wala kuuzwa mpaka zimalize kuzaana. Msimamizi wa walinzi, Mganda aliyeitwa Sulaiti, aliletewa tangazo la Kiingereza lenye neno ambalo hakuwahi kukutana nalo, akalifasiri kipande kwa kipande, akawakusanya watu wake kwenye uwanja wa kambi.

"Ni samaki sungura," aliwaambia. "Huyo ni haramu mpaka watangaze. Mukiona mutu amemukamata, munapiga redio."

"Ana masikio?" aliuliza Zephania.

"Wewe angalia tu, ssebo. Samaki kama ni sungura, utamujua."

Zephania akachungulia ndoo za wavuvi siku baada ya siku, akitafuta masikio. Hakuyaona. Aliona samaki wa fedha, samaki wa madoa, samaki wenye sura ya watu waliokosewa. Akamshukuru Mungu kwamba gatini pake sheria inafuatwa.

Mvuvi aliyekuja kila alasiri alikuwa Mzee Awadh, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Dubai angali mtoto, akauza viungo kwenye soko la Al Ras mpaka magoti yalipomwambia basi. Alikuwa na kibali cha kuvua, kiti cha kukunja, chupa ya chai na madonge ya mkate ya chambo. Samaki wenyewe hakuwajali. Wengi aliwarudisha majini. Alichokuja kukitafuta gatini ni mtu wa kuzungumza naye Kiswahili, na Zephania naye hakuwa na mwingine. Kiswahili cha mmoja kilinukia karafuu na cha mwenzake kilinukia moshi wa kuni za mlimani, lakini kilifika. Magharibi ikikaribia, mzee alikunja kiti akaenda kuswali, na gati likarudi kuwa saruji.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo redio ilipoita. Zamu ilikuwa imepata mkuu mpya, Mmisri ambaye wote walimwita sir na hakuna aliyewahi kumwona uso. Jioni ya kwanza redio ilikoroma, ikasema: "Gati. Safi?"

Zephania alisimama wima. Kwa miaka yote aliyokuwa nchi ile aliitwa security, aliitwa my friend, aliitwa kwa kupigiwa vidole. Hakuna bosi aliyejisumbua kujifunza hata neno moja la kwao. Akajibu kwa moyo wote: "Safi, sir."

Kesho yake akaona amtie moyo mwanafunzi wake. "Safi sana, sir." Na siku nyingine, kwa kuwa machweo yalikuwa mazuri na maji yametulia: "Safi kabisa. Safi kila mahali."

"Bosi wangu anajifunza Kiswahili," alimwambia Mzee Awadh.

"Mashallah. Ameshajua maneno mangapi?"

"Moja tu. Lakini analitumia vizuri."

Siku chache baadaye likaja gari la wakaguzi. Wakaangalia ndoo, wakaangalia chini ya benchi, wakamwangalia Zephania, wakaondoka. Wakaja tena, wakakuta vilevile. Mara ya tatu aliyekuja ni Sulaiti peke yake, akamvuta Zephania kando.

"Ndugu yangu, wewe unakula na hawa watu?"

"Kula nini?"

"Hongo. Ama samaki. Mimi sijui wewe unapenda nini." Sulaiti alikuwa na uso wa mtu aliyekaripiwa kwa lugha tatu. "Kila jioni unaambia sir, safi. Safi mingi. Safi kila mahali. Wakaguzi wanakuja, hakuna hata moja. Sir anasema huyu ama ni muongo, ama anaambia watu wakimbie."

"Lakini hali ilikuwa safi."

"Hali gani? Anakuuliza samaki. Yule sungura, Waarabu wanamuita safi. Hata mimi nimejua leo."

Wakatazamana. Ndege wa baharini alipita juu yao akilalamika jambo lake.

"Basi mweleze," alisema Zephania.

"Nimueleze nini? Kwamba kampuni inakuuliza swali la serikali, wewe unaona ni salamu? Mkataba wako unaisha mwezi huu, na yeye anatafuta sababu tu." Sulaiti alishusha sauti. "Alhamisi wanarudi. Safi aonekane, hata mmoja. Akionekana, wewe ni mlinzi mwenye macho. Asipoonekana, khalas, unapanda ndege."

Zephania alibaki amesimama, na kwa mara ya kwanza gati halikuonekana kumzoea. Kurudi Makete si aibu; wengi wamerudi. Lakini yeye aliondoka akiwa ameombewa na kanisa zima, wamesimama. Angewaambia nini? Kwamba alifukuzwa kwa kosa la kusema mambo ni mazuri?

Mzee Awadh alipofika alasiri akasimuliwa yote, alicheka mpaka fimbo yake ya kuvulia ikatikisika na samaki chini wakadhani wanaitwa.

"Na ulimwambia safi sana?"

"Nilimwambia."

"Kwa Kiarabu sana ni mwaka, Zefania. Umemwambia safi wa mwaka mmoja. Si haramu tu, ni mtoto."

"Mzee, mimi sicheki."

"Wewe usicheke. Kazi hiyo niachie mimi." Alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Huyo ni tasi. Sisi Unguja twamwita tasi. Hana masikio wala nini, ana kimdomo tu cha kutafunatafuna. Jana nimemrudisha mmoja mbele ya macho yako."

"Yule mdogo wa madoa?"

"Yule ndiye kesi yako."

Zephania aliyatazama maji. Yalikuwa ya kijani, hayasemi kitu. Neno lilipomtoka lilikuwa dogo. "Alhamisi usimrudishe."

Mzee Awadh aliacha kucheka. Katika umri wake alishaombwa mengi na walinzi: aondoke, anyamaze, aoneshe kibali. Hakuwahi kuombwa avunje sheria, tena na mtu aliyeajiriwa ili isivunjwe, tena kwa unyenyekevu namna ile.

"Yaani wataka unikamate."

"Nakuomba, mzee."

"Mimi watanipa onyo, watanichukulia kibali. Wewe watakutia kwenye ndege." Alivuta mshipi, akatazama ndoana iliyoliwa chambo. "Mimi n'takwenda nyumbani kwa miguu. Haya, yalla, tutamtafuta huyo mtoto wako."

Alhamisi tasi hawakuonekana. Waliokuwa wakijipeleka kila siku kwenye mkate wa mzee, wakarudishwa kama watoto waliokosea darasa, siku hiyo walikuwa raia wema kupita kiasi. Alinasa kila kitu kingine. Alinasa hata kandambili. Gari la wakaguzi likafika, likaegeshwa, mlango ukafunguka, na Zephania akaanza kusali kwa Kikinga, lugha ya kwao, ili dhambi itendeke. Mshipi ukakaza. Mzee Awadh akavuta bila haraka, na hewani akaning'inia samaki wa madoa, mdomo ukitafunatafuna, haramu asiye na hatia.

Zephania akatembea kama alivyodhani walinzi wakali hutembea. "Mzee. Hii ni nini?"

"Sikujua, bwana mkubwa," alisema Mzee Awadh, na akatetemesha sauti kiasi kwamba Zephania mwenyewe alimwonea huruma.

Akamshika samaki kwa kiganja kitupu. Kitu ambacho hakuna tangazo lililomwambia ni kwamba tasi ana miba mgongoni, na miba ina sumu. Maumivu yalipanda kutoka kidole gumba mpaka begani kama waya wa moto. Hakumwachia. Mkaguzi, kijana mstaarabu mwenye manukato, alikuwa ameshainua simu apige picha, na Zephania akasimama mbele yake akiwa na ushahidi wake, meno yamekazana, macho yamejaa maji.

Kijana akamwomba radhi Mzee Awadh, akamwita ammi, akamweleza sheria kwa upole, akachukua kibali chake mpaka msimu uishe. Kisha akampokea samaki kwa glavu, akainama ukingoni, akamwachia majini. Kumtaifisha kulichukua muda mfupi kuliko kumpiga picha.

Gari lilipoondoka mzee alifungua chupa, akamwaga chai ya moto kwenye kikombe. "Tia kidole humo. Sumu ya tasi haipendi moto. Tia, mwanangu, usinitazame mimi."

"Nisamehe, mzee."

"Unitazame nini, na mkono wavimba. Tia."

Picha ilisambaa ofisini. Maumivu yale yalionekana kwenye simu kuwa ukali wa kazi, na sir, ambaye hakuwahi kumwona mlinzi wake, alipendezwa na sura hiyo. Mkataba ukaongezwa. Na kwa kuwa mtu mwenye macho kama yale hafai kupotezwa kwenye gati fupi, alipewa mstari mmoja begani na kuhamishiwa Hatta, milimani, kulinda bwawa la nyumba za wageni, lenye samaki wa mapambo ambao wageni huwavua kwa siri.

Siku zake za mwisho gatini kiti cha kukunja hakikuja. Ilikuja simu ya Bi Swafiya, mke wa mzee.

"Mwanangu Zefania, nyie mmemnyang'anya huyu kibali, adhabu mkaniletea mimi. Ashinda jikoni. Aniuliza kwa nini mdalasini umekaa pale. Jana kahesabu vijiko. Mrudishie kitu chake aende zake."

"Mama, sina uwezo."

"Wa kukamata ulikuwa nao."

Hatta ilimkumbusha Makete kwa milima, ila hii ilikuwa imechomwa na kusahauliwa juani. Jumapili moja gari dogo jeupe lilipanda hadi bwawani, fimbo imefungwa juu yake kwa kamba. Alipolitambua, Mzee Awadh alikuwa ameshashuka, ameshakaa ukingoni, mita chache kutoka kwenye ubao wenye samaki aliyekatwa na mstari mwekundu. Meneja wa nyumba za wageni alikuwa kwenye kibaraza chake, mikono kifuani, akitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana mkubwa."

"Hapa hairuhusiwi."

"Nimeuona ubao. Yule waliyemchora ni changu wa baharini, mdomo ule haujifichi." Mzee aliinua mshipi kidogo. Mwishoni palikuwa na jiwe limefungwa, hapana ndoana wala chambo. "Nataka mkono ukumbuke uzito tu, Zefania. Jiwe nalo lina msimu?"

Zephania hakugeuka kutazama kibarazani. Aliyasikia yale macho mgongoni. Akainama, akaipokea ile fimbo kwa mikono miwili, kama kijana anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa wake, akatangulia nayo njiani. Mzee akamfuata nyuma, kiti kwapani. Garini Zephania aliifunga fimbo juu kwa mafundo mawili. Meneja akainua mkono kumpongeza, akaingia ndani.

Bi Swafiya alikuwa kiti cha mbele, sufuria magotini. Alifunua kifuniko, akapakua pilau kwenye sahani ya bati, akaipitisha dirishani.

"Kula kwanza," alisema, "ndipo utufukuze."

Zephania alikula amesimama, sahani juu ya boneti, uso ameuelekeza bwawani.