Bahasha ya mpangaji wangu ilisomwa msibani

Admin, naomba usiweke jina langu. Watu wengi wa Toronto wanasoma ukurasa huu na wengine walikuwepo siku hiyo.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na nne, Mtanzania, naishi Malvern, Scarborough. Mume wangu alifariki mwezi wa pili mwaka huu. Watoto ni wakubwa, wana maisha yao. Nimebaki na nyumba ambayo bado tunailipia benki, na mpangaji mmoja wa besimenti, chumba cha chini ya nyumba, dada wa Kikenya anayefanya kazi ya kuhudumia wazee. Nitamwita Wanjiku, ingawa si jina lake. Ana zaidi ya miaka mitatu hapa kwetu.

Kwa msiokaa huku, mpangaji akiingia anatoa kodi ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa mwisho kwa pamoja. Hiyo ya mwisho mwenye nyumba anaitunza tu mpaka mtu ahame, na kila mwaka anaiongezea riba kidogo. Wengi wanaila. Mume wangu hakuwa hivyo. Alikuwa mhazini wa kanisa letu la Waswahili, na bahasha za sadaka zilizokuwa zinabaki alizileta nyumbani. Moja aliiandika jina la Wanjiku kwa kalamu ya bluu, akatia dola mia saba za kodi yake ya mwisho, akaiweka pamoja na zile tupu kwenye kopo la biskuti juu ya kabati letu. Nilimwambia apeleke benki kama watu wengine. Akanijibu, "Ikiingia benki itajifanya yetu."

Kila mwezi wa tisa alishuka besimenti na riba, pamoja na senti zake. Wanjiku anahesabu, anatia sahihi kwenye karatasi, riba inaingia kwenye bahasha yake, wanakunywa chai. Alikuwa anapanda ngazi anajipongeza mwenyewe. Kuna baridi moja mtambo wa kupasha nyumba joto uliharibika, tukalala na makoti siku tatu tukisubiri mshahara. Kopo lilikuwa palepale juu. Hakuligusa.

Alipofariki tuliamua akazikwe kwao Mbeya, karibu na mama yake. Kusafirisha mwili ni gharama, mnajua. Watu walijaa nyumbani, viatu vya baridi vilifika mpaka nje ya mlango. Kwa desturi yetu kila mtu anatia rambirambi kwenye bahasha, anaandika jina, kisha Jumapili baada ya ibada majina yanasomwa nyumbani kwa wafiwa mbele ya wote. Bahasha zikaisha. Wakaja kuniuliza kama zipo nyingine. Nikasema zipo, kwenye kopo la biskuti chumbani. Wakaleta kopo lote. Ndugu zangu, sikukumbuka kabisa kwamba moja ina kitu. Akili haikuwepo.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesoma. Alipofika kwa Wanjiku akasita, akasoma mara mbili: dola mia saba ishirini na tisa na senti arobaini. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Mwenzenu ametoa mpaka senti ya mwisho, na nyie ndugu mnatoa hamsini hamsini." Watu walicheka kidogo, hata msibani watu hucheka. Nikageuka, nikamwona Wanjiku amesimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe, anatazama chini. Siku mbili kabla alishanipa dola sitini mkononi, na hilo pia sikulikumbuka. Nilinyanyuka nikamkumbatia mbele ya watu wote. Aliweka sinia chini, akanikumbatia vizuri.

Mwezi wa tisa akanipa taarifa kwamba anahama. Mume wake na mtoto wanakuja kutoka Kenya, amepata nyumba Brampton, mji wa jirani. Tarehe moja mwezi huu, ambao ndio wake wa mwisho, akagonga mlango na kodi mkononi kama kawaida. Nikamwambia, "Mwanangu, mwezi huu hulipi. Baba alishakutunzia." Nikapanda kuchukua kopo. Ndani kulikuwa na bahasha tupu na ile karatasi yenye sahihi zake mbili, basi. Nikashuka nayo nikamuuliza bahasha iko wapi, huenda Baba alimpa.

Akasema taratibu, "Mama, ile ilishasomwa."

Nilikaa kwenye ngazi. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Ningesema nini na watu wanakulilia? Wacha ikae hivyo. Baba alinitunzia, na mimi nikamsindikiza." Nikakataa kuipokea kodi aliyoleta, akaiweka kwenye ngazi, akaenda kazini.

Najua hana. Brampton nako wanataka ya kwanza na ya mwisho. Anafanya shifti mbili, anarudi macho mekundu. Nimempigia shemeji, akasema, "Shemeji, pesa ikishasomwa mbele ya watu haina mwenyewe tena. Ukimrudishia watasema amedai rambirambi yake." Na kweli kanisani mpaka leo wanamtaja kwa wema ule. Tena sitawaficha, tarehe kumi na tano benki wanataka malipo ya nyumba, na hii kodi aliyoiacha ni karibu nusu ya nilichonacho. Nimechoka. Kuna sehemu ya moyo wangu inaniambia ninyamaze tu, amesamehe mwenyewe.

Lakini jana nimechukua bahasha moja iliyobaki kwenye kopo, nikaitia ile kodi, nikaongeza dola ishirini na tisa na senti arobaini. Riba ya mwaka huu bado, mume wangu ndiye aliyejua kuipiga hesabu. Nimeandika jina la Wanjiku kwa kalamu ya bluu. Imekaa mezani, naitazama. Jumamosi gari la kuhamisha vitu linakuja. Nyie mliowahi kufikwa, niambieni: nimpe kwa maneno gani ili aipokee, na benki niwaambie nini?