Mama mkwe alininyima kibuyu cha maziwa kwa sababu napenda bilolo

Wakuu, heshima kwenu. Ninachoandika kimetokea jikoni kwangu, sijakisikia kwa jirani.

Juzi nimeona humu mtu anasema, niambie unachopenda kula nikwambie tabia yako. Nikacheka peke yangu. Hiyo personality test mimi nilishaifanya, na msahihishaji alikuwa mama mkwe.

Nimezaliwa Mpofi, Walikale, msituni. Mboga yetu ya sifa ni bilolo, majani machungu kwelikweli. Ukiyachemsha mpaka uchungu uishe, kwetu wanasema umepika majani ya bure.

Nikaolewa Masisi, kwenye vilima vya Lushebere, kwa wafugaji. Kule maziwa ndiyo chakula, ndiyo heshima. Asubuhi mwanamke wa nyumba anasukasuka maziwa yaliyoganda kwenye kibuyu mpaka siagi itoke. Mkwe akikabidhiwa kibuyu, basi amekuwa mwenyeji.

Mke wa shemeji yangu alipewa chake mapema. Mimi niliambiwa hivi, mbele ya watu:

"Muntu mwenye anapendaka vitu bichungu, roho yake pia iko muchungu. Akigusa kibuyu, maziwa itaharibika."

Iliniuma, sifichi. Kila asubuhi nasikia kibuyu kinasukwa chumba cha pili, mimi nafagia uwanja kama mgeni.

Mume wangu akanishauri niache bilolo, yaishe. Nikakataa. Nilikuwa nimepanda mbegu za kwetu nyuma ya jiko, na nilikula mchana kweupe, kila mtu anaona. (Wanaume, mkishauri amani, mjiulize kwanza nani anailipia.)

Sasa sikilizeni.

Mama mkwe akaugua malaria. Dawa alipata, homa ikashuka, ila hamu ya kula ikapotea kabisa. Akaletewa maziwa, akageuza uso. Akaletewa uji, akatapika. Alibaki mifupa. Kwa watu wale, mama kukataa maziwa ni habari ya kuita ndugu, na ndugu wakaanza kuja.

Mimi nilikumbuka kwetu: mdomo uliotoka kwenye homa unaamshwa na uchungu. Nikachuma bilolo, nikapika na ndizi, nikaingia nayo mbele ya ndugu wote. Wengine waliguna.

"Njo nini iyi?" mama mkwe akauliza.

"Bilolo, Mama."

Akaniangalia sana. Akaonja kidogo, akakunja uso. Nikajua nimeharibu.

Akameza. Akanyoosha sahani.

"Unipatiye tena."

Nilitoka nje nikalia kidogo, kisha nikarudi na sufuria nzima. Alikula hivyo mpaka akapata nguvu ya kudai maziwa yake mwenyewe.

Alipopona, asubuhi moja akanikuta nachambua bilolo. Akaweka kibuyu mbele yangu, kile cha kwake, alichopewa na mama mkwe wake.

"Mama, mikono yangu bado iko na buchungu."

"Nayiona. Sukasuka tu."

Nikasuka, yeye amekaa pembeni kama mwalimu wa mtihani. Siagi ikatoka, nzuri, ya manjano. Akaionja kwa kidole, akawaita wanawake wa jirani waje kuona.

"Bibi ya mutoto yangu anapendaka buchungu," akawaambia (kule "bibi" ni mke). "Njo maana wakati buchungu yangu ilikuya, yeye hakukimbia."

Wakuu, nilijisikia mrefu kuliko vile vilima vya Lushebere.

Nilichojifunza: chakula kweli kinasema kitu juu ya mtu, ila msikilizeni mpaka mwisho kabla ya kumpa maksi. Na usitupe sahani ya kwenu ili upendwe. Siku moja wataihitaji.

Haya, wewe walikucheka kwa chakula gani? Semeni hapo chini, nitasoma jioni. Sasa hivi nina kibuyu mkononi.