Cherehani Namba 62,615,533

Mshona mashuka wa hospitali alikuwa na cherehani yenye namba iliyogongwa kwenye kibati cha shaba: 62,615,533. Miaka mitatu aliitazama, mguu ukikanyaga, mawazo yakielea kama ya mtu aliyepitiwa na usingizi wa mchana.

Tangu shule alipenda hesabu kuliko chakula. Kila siku ya kazi aliigawa namba ile kwa namba tasa moja, mojawapo ya zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Saba ilibakisha moja. Kumi na tatu ilibakisha sita. Alishapita elfu tano, na bado.

Dada wa mumewe, wifi yake, alikuwa akipiga pasi kwenye meza ya pili.

"Wifi, hiyo ikigawanyika tutakula nini?"

"Hatutakula kitu. Nataka tu kujua imetoka wapi."

"Na kama nayo ni tasa?"

Wifi akainamia pasi. Ndoa ya kaka yake ilikuwa na miaka kumi na minane bila mtoto, na neno hilo lilishasemwa sana nyumbani kwao.

"Nisamehe. Ulimi hauna mfupa."

"Yamepita," mshonaji akasema, ingawa hayakuwa yamepita.

Asubuhi moja aliletewa shuka la mraba lililoungua pembeni. Akakata pembe iliyoungua, nayo ikatoka mraba mdogo. Kisha akakata ukanda uliobaki kando ya pengo, wenye upana uleule, akaugeuza, akauunga ubavuni. Likawa shuka zima tena, refu zaidi kidogo, jembamba zaidi kidogo.

Mguu ukasimama. Akaiona namba yake imetandazwa kama kitambaa cha miraba midogo mamilioni. Imepungukiwa na nini ili iwe mraba kamili? Akachukua chaki ya kushonea. 7,913 mara 7,913 ni 62,615,569. Pengo ni thelathini na sita: pembe ya sita kwa sita. Basi punguza sita huku, ongeza sita kule.

7,907 mara 7,919. Alizidisha, akarudia kuhakikisha. Ilikuwa yenyewe.

Saa ya chakula wifi aliacha pasi, akashika chaki. Wakazijaribu zote mbili kwa namba tasa ishirini na tatu, kuanzia mbili hadi themanini na tatu; inayofuata, themanini na tisa, ikizidishwa kwa yenyewe inazipita zote mbili. Hakuna iliyoingia.

"Zote mbili ni tasa," wifi akasema polepole.

"Ndiyo. Na tazama zilichozaa."

Wifi alivuta kigoda, akakaa karibu naye, mabega yakigusana, mpaka kengele ya kazi ikalia.

Jumapili iliyofuata mama mkwe alifika, akaomba aonyeshwe hiyo hesabu aliyoambiwa na binti yake. Hakuelewa hata nusu. Lakini alimwita mkwewe "mwanangu," na alikaa mpaka birika la chai likaisha, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi.