Placida Agawa Kava

Placida Mghoi, ninayesali naye hapa Barking, ughaibuni, ni mtu wa Mwatate, na kazi yake ni kuwatunza wazee majumbani. Kwa miaka miwili alimhudumia Mzee Semisi, Mtonga kutoka visiwa vya Pasifiki, aliyepooza mkono na mguu wa kushoto. Mzee hakukubali kunyolewa ndevu na mwingine yeyote.

Jumamosi alipotimiza miaka themanini, wapwa zake walikuja kunywa kava naye. Hiyo si pombe. Ni mzizi uliosagwa ukakorogwa kwa maji; unatia ganzi ulimi na kutuliza moyo. Wanaume huketi duara, wakiimba na kutaniana. Anayewagawia ni mwanamke, wao humwita tou'a, na haifai awe ndugu wa yeyote pale, maana utani ule hausemwi mbele ya dada wala binti.

Saa nane mchana mgawaji akapiga simu: treni zimesimama, hafiki. Lesieli, binti wa mzee, akashika kichwa. Wanawake wote mle ndani walikuwa ndugu.

Placida alikuwa amemaliza zamu, anavaa koti. Mzee akamnyooshea kidole.

"Baba, huyu ni mgeni!" Lesieli akasema.

"Ndiyo maana," mzee akajibu.

Lesieli akamwelekeza haraka, kisha akatoka na kufunga mlango. Placida akaketi mkekani nyuma ya bakuli la mbao, akakoroga, akachota. Kifuu cha kwanza kilimwagika nusu. Hakuna aliyecheka. Akakijaza tena, akampa mzee. Mzee akanywa yote kwa mkupuo mmoja, na kwa kuwa hakuweza kupiga makofi kama desturi inavyotaka, akajipiga paja. Wapwa wakampigia makofi wao.

Placida alikaa pale kwa saa tatu, miguu ikafa ganzi. Mpwa mmoja alipomtania kwamba atamwoa, akamwambia aanze kwa kuosha masufuria jikoni. Walicheka mpaka mzee akakohoa.

Nilimwuliza kama hakuona haya.

"Haya ya nini? Miaka kumi na moja nawaogesha watu wazima. Lakini kumpa mtu kinywaji akakipokea kwa heshima ile, hilo sikuwa nimelizoea."

Tangu hapo alikwenda kuwagawia kava kila mwezi, siku yake ya mapumziko. Mzee alifariki Machi. Baada ya mazishi wanaume waliketi tena, lakini hawakuanza mpaka Placida alipofika. Lesieli alimshika mkono, akamtambulisha kwa jamaa waliotoka New Zealand:

"Huyu ndiye tou'a wa baba."